Nyonga ya Mama Mkwe na Wajuzi wa Eda

Kwetu Baleni kila mtu ni fundi wa jambo la mwenziwe. Ukipanda muhogo watakuja kukwambia umeupanda kichwa chini. Ukifiwa watakufundisha kulia. Mama mkwe wangu alipotiwa nyonga ya chuma, watu ambao hawajawahi kushika nyundo wakawa mafundi wa chuma, na chuma kilipoota usaha wakawa mafundi wa dini. Naandika haya kwa kuwa hadithi inayozungushwa kijijini sasa si ile niliyoiona mimi. Huenda na mimi sikuiona yote. Niliishia darasa la saba, na tangu hapo kusoma na kuandika kwangu ni madaftari haya, ambayo mume wangu huyaita redio isiyo na betri. Lakini nilikuwepo. Nitajitahidi nisimwonee mtu, hata wale wanaostahili kuonewa kidogo.

Mama mkwe ni mtu wa minazi. Babu yake wa upande mmoja alitoka Uarabuni, na ukimsikia anavyolitaja shamba lake utadhani babu alikuja nalo ndani ya sanduku. Alianguka kisimani, penye ukoga, akavunjika mfupa wa paja pale juu unapoingia kwenye nyonga. Wakampeleka Dar es Salaam, hospitali kubwa, wakamtolea mfupa uliovunjika na kumtia wa bandia: fimbo ya chuma ndani ya paja, juu yake kichwa cha mviringo, na kichwa kinazunguka ndani ya kikombe chenye plastiki. Alirudi anatembea kwa mkongojo. Watu walikuja kumtazama kama wageni wanavyokwenda Kilindoni kumtazama papa potwe, tofauti ni kwamba papa hatukani.

"Gusa hapa," alikuwa akiwaambia. "Gusa, hakiumi. Hicho chuma cha Ulaya, si kama panga lako linaloota kutu kwa umande."

Alikuwa hajamaliza kujivuna alipofariki baba mkwe.

Sasa nimlete wifi yangu. Huyu ni dada mkubwa wa mume wangu, kaolewa Kiegeani. Alikuja kwenye matanga ya baba yake na matanga yalipokwisha hakuondoka. Alichukua funguo za kabati, akachukua na funguo za midomo yetu. Mume wake ni askari wa hifadhi ya bahari, mtu wa kofia na filimbi, anayewapimia wavuvi macho ya nyavu kwa rula. Tangu hifadhi ianze, mtu yeyote mwenye kofia kisiwani hapa anajiona nusu serikali, na mke wa mwenye kofia ni serikali nzima.

Wifi akatangaza kwamba mama yake atakaa kizuka sawasawa. Kwa asiyejua, kizuka ni mjane aliyemo ndani ya eda: miezi minne na siku kumi hatoki, hajipambi, haonani na wanaume wa nje. Hilo si jambo la wifi, ni la dini, wala sina neno nalo. Mama mkwe mwenyewe alilitaka. Alikuwa akiniambia ninapomkanda miguu:

"Mimi nitamalizia eda ya mume wangu humu ndani. Siku ikifika nitakoga, nitavaa nguo mpya, nitatoka kwa mlango ule pale kwa miguu yangu. Mama yangu alitoka hivyo. Sitatolewa nimebebwa kama gunia la mbata."

Hilo ndilo alilokuwa akilitaka duniani, kutoka mlangoni kwa miguu yake. Msomaji alishike.

La wifi lilikuwa kuongeza chumvi. Alimshusha mama kitandani akamweka kwenye godoro chini, kwa sababu eti mjane haketi juu. Dar walikuwa wamekataza kabisa kukaa chini, nyonga ya bandia inaweza kuchomoka. Nikasema. Wifi akaniangalia kuanzia kichwani hadi kwenye kandambili.

"Wifi, wewe umesomea mifupa?"

"Sikusomea. Waliosomea ndio waliosema."

"Basi wakija hao waliosomea watamnyanyua. Baba yangu hawezi kuliliwa kutoka juu ya kitanda."

Haikuchukua muda, kovu likapata moto. Ukiweka kiganja unausikia, kama kikombe cha chai. Halafu pakaota uvimbe mwekundu. Wanawake waliokuja kumjulia hali wakauzunguka, kila mmoja na mkate wake wa kumimina na elimu yake. Jipu, wakasema. Wakabandika kitunguu kilichochomwa. Jipu likapasuka, usaha ukatoka, na pale walifurahi nusura wapige vigelegele, wakakumbuka ni nyumba ya msiba.

"Umeona?" wifi akaniambia. "Uchafu unatoka. Ukitoka umepona."

Niseme haki: kwa jipu la kawaida ni kweli, nimeona wengi wamepona hivyo. Na hao wanawake niwaonao wajinga ndio walionifulia mashuka wakati mikono yangu imechubuka. Lakini uchafu huu haukwisha. Palibaki tundu dogo, sawa na tundu la kaa mchangani, likitoa maji ya manjano kila asubuhi. Wifi akaenda duka la dawa akanunua vidonge vya rangi mbili, nusu nyekundu nusu nyeusi. Mama akimeza tundu linakauka, akiacha linalia tena. Likikauka tunaambiwa dawa imekubali. Likilia tunaambiwa mtu kapita na jicho baya, na walikuwa wakinitazama mimi.

Nikamwambia mume wangu amlete daktari. Mume wangu ana moyo mzuri na mdomo wa kuazima, na kila penye kikao huwa ameuazimisha. Ila safari hii alikwenda kweli. Akarudi na daktari wa hospitali ya wilaya, kijana wa bara, wamepakizana kwenye pikipiki mpaka vumbi la barabara limewafanya ndugu.

Wifi alisimama mlangoni.

"Dokta, mama yumo edani. Mwanamume hamwoni."

"Shikamoo mama," akasema yule kijana, anapangusa miwani. "Sina haja ya kumwona yeye. Nataka kidonda."

Wifi akafikiri. Akaingia ndani, akachukua shuka nyeupe, akachukua mkasi, akakata tundu la ukubwa wa kisosi katikati. Akamfunika mama mzima, uso na vyote, akalisogeza lile tundu mpaka likakaa juu ya kovu. Ndipo daktari akaruhusiwa.

Kutoka chini ya shuka sauti ikasema: "Mmenifanya dirisha la benki. Haya mwanangu, toa shida yako, dirisha limefunguliwa."

Daktari alicheka. Kisha akavaa glavu, akabonyeza kando ya kovu, na akaacha kucheka.

"Limeanza lini hili, bibi?"

"Muulize huyo mwenye mkasi."

Alianza kutueleza kwa maneno ya ofisini, marefu kama jina la wizara, na mimi nikaanza kumdharau. Labda aliiona kwenye uso wangu, kwa sababu alikatiza akasema kama mtu: "Kovu lenye chuma ndani yake halitakiwi kuwa na tundu. Likiwa na tundu la usaha lisilofunga, hesabuni kwamba tundu limefika kwenye chuma. Kidonge hakiwezi kulifikia. Acheni hivi vidonge, vinawaficha wadudu wasijulikane ni wa aina gani. Mpelekeni Dar, kwa mpasuaji, mapema."

"Baada ya eda," akasema wifi.

"Mama, hawa wadudu hawakai eda."

Wifi akamsindikiza nje kwa adabu zote, akampa na madafu. Akarudi akaniambia yule ni mtoto, tena Mkristo, atajua nini habari ya kizuka. Nakiri daktari yule alitoka pale na madafu yake bila kubisha zaidi, na kwa muda nilimlaumu. Lakini angefanya nini? Aje amkamate mgonjwa kwa filimbi?

Wanaume wakakaa kikao barazani. Mume wa wifi alizungumza kwanza, kofia imelazwa gotini.

"Sheria ni sheria," akasema. "Sisi hifadhini, nyavu ikiwa macho madogo tunaikamata. Mwenye nyavu atalia, atasema watoto wana njaa, sisi tunamhurumia, na nyavu tunaondoka nayo. Ukifungua mlango kwa mmoja, bahari nzima imekwisha."

Nilikuwa nimesimama nyuma ya pazia na sinia la kahawa. Nikasema kwa sauti, "Shemeji, huyu ndani si nyavu."

Mtu mmoja akakohoa. Mume wangu akatazama vidole vya miguu yake, akavihesabu vikatimia. Wakakubaliana wasubiri.

Hapo lazima niseme na upande wa wifi, maana nikimwandika hivi tu nitakuwa nimemkatia na yeye tundu la kisosi. Alimpenda baba yake. Mwisho wa ugonjwa wa mzee yeye ndiye aliyemlisha uji kwa kijiko. Alihofu heshima ya baba itachezewa, mjane wake aonekane anapandishwa mashua kabla udongo wa kaburi haujatulia. Mapenzi yalikuwa ya kweli. Ila yote aliyaelekeza kwa marehemu, na marehemu hana nyonga.

Mama mkwe naye alikuwa upande wao. Hili wanaosimulia hawalitaji. Nilipomwambia twende, alisema: "Nikitoka sasa nimeivunja eda. Nitakutana naye mume wangu nimwambie nini?" Alikuwa na homa, midomo imekauka, na harufu ilikuwa imeanza kutushinda hata kwa udi. Yeye aliyeogopwa na wakwezi wote wa Baleni, alikuwa anaogopa sheria ambayo hakuna hata mmoja wetu aliyeisoma.

Ndipo nikaona, kwa akili yangu ndogo, kwamba katika nyumba ile iliyojaa watu wanaozungumza dini, hakuna aliyekwenda kumuuliza mwenye kuijua. Kutoka kwetu hadi kwa mwalimu wa chuo cha Kurani ni umbali wa kuita mtu akasikia.

Nikamkuta amegeuza baiskeli miguu juu, anarudisha mnyororo, mikono myeusi kwa grisi.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba. Mkono sikupi, utakuchafua."

Nikamweleza: kovu, tundu, shuka, kikao. Kwenye shuka alinisimamisha nirudie. Niliporudia alikaa chini kwenye kigogo.

"Nani kasema mgonjwa hatoki?"

"Wifi."

"Wifi yako kasoma wapi?"

"Alisoma kwako, mwalimu. Utotoni."

"Basi alikuwa anasinzia." Akajifuta mikono kwenye kitambaa, na grisi haikutoka. "Mjane mwenye dharura anatoka. Kwenda kutibiwa ni dharura, na hata mtabibu mwanamume anamtazama panapohitajika, bila kukata shuka ya mtu. Eda ni kujizuia na mapambo, na kuposwa, na matembezi yasiyo na haja. Kuoza si sharti la eda. Mbona hamkuja tangu mwanzo?"

"Tulidhani tunajua."

"Huo ndio ugonjwa wenu. Mimi mnaniita kwa hitima na pilau. Kuniuliza, hamna nafasi."

Alikuja na mikono yake ile ile. Alisimama nje ya chumba, akazungumza kupitia pazia kwa sauti ya darasani, na wanawake wote walikuwepo. Wifi alimsikiliza mpaka mwisho. Nilingoja alete aya, alete kitabu, kwani muda wote ule alikuwa akitutisha navyo. Alichosema ni hiki:

"Sawa mwalimu. Lakini watu watasemaje?"

Mama mkwe akajiinua kwa kiwiko. "Watu?" akasema. "Ndio walionifunga humu? Mimi nilidhani ni Mungu." Kisha kwangu: "Mkaza mwanangu, tafuta buibui langu."

Tulivuka asubuhi kwa boti ya Nyamisati, bandari ya bara. Aliyehangaika kupata nafasi ya kulaza godoro ni mume wa wifi, na aliyembeba mama mkwe kutoka gatini hadi ndani ya boti, mikononi kama mtoto, ni yeye pia, kofia imemtoka ikaangukia majini asiifuate. Nilitaka kuendelea kumcheka, nikashindwa kwa siku ile.

Dar es Salaam tukapelekwa kwa mpasuaji wa mifupa. Akaingia mwanamke mfupi, mwenye kitenge begani na kalamu sikioni. Nilimfikiria wifi na mkasi wake.

Alilitazama tundu, akauliza habari za vidonge, nikampa karatasi ya kung'aa vilimokuwa vimefungwa. "Hivi ni nani kawapa?" Nikasema duka. "Mmewapa wadudu mazoezi," akasema. Ikabidi mama akae kwanza bila dawa yoyote, ili watakapochoma sindano kwenye nyonga na kuvuta maji, wadudu wajitokeze waonekane ni akina nani. Kungoja huko nusura nikusimamishe kwa kelele. Naogopa nilimjibu vibaya nesi mmoja.

Nilimuuliza mpasuaji swali nililotoka nalo nyumbani, nimelinoa njia nzima.

"Dokta, kulazwa chini kwenye godoro, ndiko kulikoleta usaha?"

"Hapana. Kungeweza kuchomoa nyonga, usaha haukuletwa na godoro. Wadudu wanaweza kuingia siku ya operesheni, hata hapa hapa kwetu. Wanaweza kuja baadaye kwa damu, kutoka kwenye jino au kidonda cha mguu. Sijui ni lipi, na anayekwambia anajua anakudanganya."

Nilitamani aseme ndiyo. Naliandika kwa kuwa nilitamani kweli.

"Lakini kungoja je?"

"Kungoja, ndiyo. Mngekuja kovu lilipopata moto tu, ningefungua, nikaosha sana, nikabadilisha kile kipande cha plastiki, na chuma huenda kingebaki. Sasa wadudu wamejifunika utando juu ya chuma, kama ule utelezi kwenye jiwe la kisimani. Dawa inapita juu yao. Chuma lazima kitoke."

Akamgeukia mama mkwe, akavuta kiti, akamweleza mwenyewe, wala hakunieleza mimi. Hilo lilinipendeza. Njia moja ni kutoa kila kitu, kukwangua, kuosha, kisha kuweka pale mpira wa saruji iliyochanganywa na dawa. Saruji itashikilia nafasi huku ikitoa dawa pole pole. Dripu na vidonge kwa wiki nyingi. Damu ikionyesha wadudu wamekwisha, operesheni ya pili, chuma kipya. Njia nyingine ni kutoa na kuacha wazi: wadudu wataisha kwa urahisi zaidi, lakini mguu utakuwa mfupi na legelege, na magongo hadi mwisho wa maisha.

"Kwa hiyo," mama mkwe akasema, "unataka kunivunja kama msingi wa nyumba, utoe nondo, utie saruji, kisha uvunje saruji utie nondo."

"Ndivyo, bibi."

"Saruji ya wapi? Maana mafundi wetu wanachanganya na mchanga wa pwani, ina chumvi, ukuta haumalizi mwaka."

"Hii haina mchanga kabisa."

"Na mlango? Nitatoka mlangoni?"

"Mlango gani?"

Ikabidi nimweleze mimi, habari ya eda na kukoga na nguo mpya. Mpasuaji alisikiliza akichezea kalamu. "Kwa saruji utasogea na magongo, mguu huo usiuegemee," akasema. "Kwa chuma kipya, wadudu wakiisha, utatembea. Lakini operesheni ni mbili, na umri wako si wa mchezo, na wakati mwingine wadudu hurudi. Siahidi."

Kwa watu wetu, daktari asiyeahidi hajui kazi. Mume wangu, aliyefika siku hiyo, aliniuliza pembeni kama hakuna mwingine. Lakini mama mkwe alikuwa amechoshwa na watu wenye uhakika.

"Vunja," akasema.

Wakavunja. Nilikaa kwenye benchi la korido na mfuko wenye doti ya kanga mpya ndani, sijui hata kwa nini niliushika. Mpasuaji alipotoka alisema chuma kimetoka bila kupasua mfupa, na wamekata vipande kadhaa vya nyama mahali mbalimbali, kwa sababu kipande kimoja kinaweza kudanganya. Vikikubaliana vyote ndipo wanaamini. Nikasema moyoni, afadhali nyama. Kwetu kijiji kizima kinaweza kukubaliana na bado kikadanganya.

Yakaja majuma ya dripu. Ndugu wa Dar walikuja kumtazama, na ujinga niliodhani ni wa Baleni nikaukuta umepanda lifti. Mmoja alileta mafuta ya nyonyo akandwe nayo juu ya mshono. Mwingine, ana shahada huyo, alisema saruji huganda kwenye damu. Mama mkwe aliwasikiliza wote akiwa amefumba macho, wakiondoka anafumbua. "Wameshatoka wapasuaji?" ananiuliza.

Eda iliisha yumo wodini, na saruji pajani. Nilimkumbusha asubuhi. Nesi wa zamu, dada wa bara mwenye msalaba mdogo shingoni, alitaka kujua kwa nini bibi analia, nikamwambia. Alileta beseni la maji ya moto na sabuni yake mwenyewe yenye harufu nzuri, tukamkogesha sisi wawili, tukakwepa mshono. Tukamvisha zile kanga mpya. Nesi akaleta magongo.

"Haya bibi, twende mpaka mlangoni. Taratibu. Uko pale."

Mama mkwe aliutazama mlango wa wodi, wa bati, una tangazo la saa za kuona wagonjwa.

"Ule si wangu," akasema, na akanipa kanga nizikunje.

Operesheni ya pili ilimchelewesha. Kila damu ilipopimwa tulingoja kama matokeo ya darasa la saba. Ilipotulia wakaingia tena, wakatoa saruji, wakatia chuma kipya, fimbo ndefu kuliko ya kwanza. Mguu ulibaki mfupi kidogo, wakamwongezea soli kwenye kiatu. Akafundishwa kutembea upya, na somo la ngazi alilikariri kama aya: kupanda mguu mzima kwanza, kushuka mguu mbovu kwanza. Vidonge akaendelea navyo, na tukaambiwa turudi kuangaliwa. Mpasuaji alimuaga kwa kumshika mkono. "Siahidi," akasema tena, na mama mkwe akamjibu, "Ndiyo maana nilikuamini."

Tukarudi. Nyumba ilikuwa imefagiwa, lazima niseme, na wifi alikuwa amepika. Wanawake walewale wamejaa. Mume wangu, mdomo wake kaurudisha siku hiyo, alikuwa ameinua kitanda cha mama yake kwa matofali ili kiwe juu, bila kumuuliza mtu. Mama mkwe alikalia hicho, akanywa maji. Chini, pembeni, niliona mkeka mpya umetandikwa na godoro juu yake. Niliona pia shuka yenye tundu, imeshonwa kiraka, imekunjwa vizuri juu ya mto.

Wifi alikohoa. "Mama, tumshukuru Mungu. Sasa tumezungumza hapa sisi. Siku ulizokuwa nje hazihesabiwi. Tumekutayarishia chumba, uianze upya, uimalize kwa heshima ya baba."

Nilidhani nimesikia vibaya. Nikatazama nyuso. Wanatikisa vichwa kukubali, kama mwanzo, kama walivyotikisa kwa kitunguu.

"Mwalimu kasema?" mama mkwe akauliza.

"Mwalimu hatujamwona. Ila watu wote wanasema."

"Watu gani? Waite."

"Mama, si hawa?"

Mama mkwe akawatazama mmoja mmoja. Hakuna aliyekuwa tayari kuwa wa kwanza kuwa watu. Mmoja aliinama kutafuta kandambili.

"Mkaza mwanangu," akasema, "nipe kanga zangu."

Nikazitoa. Akajifunga moja, akajitanda ya pili. Akashika mkongojo, akainuka. Nilimkaribia, akanipiga kidogo mkononi nimwachie. Alilipita godoro, akaipita shuka. Mlango wetu una kizingiti kirefu na ngazi moja ya jiwe nje. Alisimama hapo, nikamsikia anasema kwa sauti ndogo, mguu mzima kwanza, akapanda kizingiti. Mguu mbovu kwanza, akashuka. Akatulia juani. Kisha akaenda, akichechemea, hadi mnazi wa kwanza wa shamba lake, akaugonga kwa mkongojo kama anayebisha hodi.

Kigelegele cha kwanza kilitoka nyuma yangu, kikali, kirefu, cha mtu anayelia. Nikageuka. Alikuwa ni wifi. Sasa anasimulia Kiegeani yote kwamba yeye ndiye aliyemtoa mama edani, na watu wanamwamini. Sitabishana naye. Lakini kigelegele kile kilikuwa chake, na kilikuwa cha kweli, hilo siwezi kumnyima.

Mama mkwe hakugeuka.

"Acheni kelele," akasema kule mnazini. "Nileteeni kiti. Kirefu!"